Picha ya Kiti Kitupu

Alhamisi, mwisho wa Novemba. Asubuhi kulikuwa na ukungu, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili nilivaa sweta kwenda kazini.

Watu wa nyumbani nikiwaambia Dubai kuna baridi wananicheka. Si baridi ya Makambako, nakubali. Ni ubaridi mdogo tu, wa joto lililokwisha kuchoka: saa kumi na mbili asubuhi unashika geti la chuma na haliunguzi, lina umande. Hapa Ras Al Khor tumezungukwa na maghala, matairi mabovu na gereji za kubomoa magari, na sikutegemea siku moja niandike kwamba pamenipendeza. Lakini leo ukungu ulipoanza kuinuka, heroe walipita juu ya ghala letu, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu ambao wengi wanawaita flamingo. Nilihesabu ishirini na kitu, nikapotea. Waliruka chini chini mpaka nikasikia mabawa.

Nilisimama mdomo wazi. Halafu nikaona aibu, kama ninavyoona kila asubuhi kwa wiki tatu sasa.

Geti hili si langu.

Lilikuwa la Sauda, dada wa Kiganda kutoka Masaka. Tulikuwa walinzi wawili wa zamu ya mchana. Yeye alikaa geti la mbele, mimi la nyuma, ambako unachokiona ni ukuta na unachokisikia ni jenereta. Geti la nyuma halifunguliwi mpaka saa mbili, kwa hiyo asubuhi nilikuwa sina kazi. Jua likikaribia kuchomoza, Sauda alikuwa ananipigia simu: "Kaka, njoo unikamatie geti. Dakika tano tu." Naenda, nasimama pale, yeye anakwenda kwenye kona ya uzio kuwaangalia ndege wakitoka kwenye hifadhi ya ndege iliyo jirani. Anarudi anatabasamu, ananieleza nani kapita. Siku moja ilikuwa hudihudi akidonoa chini ya matairi. Alinisimulia kishungi chake kana kwamba kaona bibi harusi.

Kwenye kazi yetu kila saa unajipiga picha ukiwa kwenye kituo chako na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la walinzi. Picha ndiyo ushahidi. Hakuna anayeuliza nje ya picha kulikuwa na nini.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi huu nilimwambia, "Nenda dada, nipo." Alipopinda kona, nikasogea hatua mbili pembeni, nikapiga picha ya kiti chake kitupu. Sikuituma kwenye kundi. Nilimtumia supavaiza peke yake, na maneno haya: geti la mbele halina mtu.

Mtu alikuwepo. Nilikuwepo mimi.

Nilijiambia sheria ni sheria. Uongo mtupu. Nililitaka geti la mbele, lenye kivuli, kiti cha kuegemea na madereva wanaosalimia. Na kuna jambo jingine ambalo ni gumu zaidi kuliandika. Furaha yake ilinikera. Mtu analipwa kama mimi, analala chumba cha watu wanane kama mimi, halafu anafurahi kwa sababu ya ndege!

Baada ya siku tatu walimhamishia Al Barsha, kwenye maegesho ya magari chini ya jengo, ghorofa mbili chini ya ardhi. Mimi nikapewa geti. Siku anaondoka alinivuta pembeni, akaniambia, "Kaka, kamera ya ulinzi imenichoma. Wewe usiache kituo chako tena kwa ajili ya mtu, watakufanyia hivi hivi." Alikuwa ananionea huruma mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na chawa mwenyewe ndiye huyu anayeandika.

Tangu hapo kila asubuhi ananitumia ujumbe kuuliza kama ndege wamekuja, maana kule aliko hakuna hata dirisha. Nawapiga picha, namtumia. Ananijibu, Mungu akubariki. Hizo baraka nimezikusanya wiki tatu nzima na kila moja inaniwasha.

Cha kuchekesha, mimi nimekulia Singida. Ziwa liko pale pale mjini na heroe wamejaa. Utotoni tulikuwa tunawarushia mawe waruke, basi. Nimekuja kuwaona ndege wa kwetu nikiwa na miaka thelathini na nne, jangwani, kwenye kiti nilichomwibia mtu aliyejua kuwatazama.

Leo picha ya kwanza ilitoka na ukungu tupu. Nikaacha kiti, nikaenda mpaka kona ya uzio nipate nzuri. Niliporudi, lori lilikuwa limesimama getini linapiga honi na hakuna wa kulifungulia. Dereva, mzee wa Kipakistani anayeleta vipuri, angeweza kabisa kunishtaki. Alitazama juu kule nilikokuwa natazama, akacheka, akasema tu, "Yalla, haya, fungua."

Nilifungua geti.

Saa ya chakula nikampigia supavaiza, Mkenya mmoja asiyependa maneno mengi. Nikamwambia yote: kwamba mimi ndiye niliyemruhusu Sauda, kwamba nilikuwa nimesimama pale pale nilipopiga ile picha. Akasema, "Sasa wewe ni mtu wa aina gani? Khalas, yameisha. Monday wewe unaenda basement, yeye arudi gate." Akakata.

Ningeishia hapa ningeonekana mtu mzuri. Lakini saa kumi jioni Sauda alinipigia, analia kwa furaha. Wamemrudisha, hajui kwa nini, hawakumwambia, ni dua za mama yake. Nilikuwa na nafasi. Alinyamaza kuvuta pumzi, na ile nafasi ilikuwa wazi kabisa mbele yangu.

Nikasema, "Mungu mkubwa, dada."

Nimemtumia Mungu kujifunika.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitamkabidhi daftari na funguo kabla sijapanda basi la kwenda Al Barsha. Nitamwambia ukweli funguo zikiwa bado mkononi mwangu. Najijua: akishazipokea na kunishukuru, nitapanda basi bila kusema.