Nilivyomkataza Masatu Kupanda Ubao

Baba, shikamoo. Huku Mwanza jua ni kali na sato wa ziwani wamenona. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto.

Kaka Masatu nilimkuta mlimani, nyuma ya Kirumba, amesimama juu ya ubao wenye magurudumu manne ya upepo. Aliachiwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Huteremka nao kati ya mawe mpaka chini. Breki hauna.

Nikamwambia, "Kaka, Baba amenituma nikukataze."

Akajibu, "Panda kwanza, ndipo unikataze."

Nikapanda, ili nizungumze jambo ninalolijua. Nikawapita mbuzi, nikaipita kwaya iliyokuwa mazoezini ikanyamaza yote, kisha nikaishia kwenye mihogo ya mama mmoja iliyoanikwa juu ya jiwe. Nikainuka mweupe usoni.

Yule mama akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nani kakutuma?"

Nikasema, "Baba."

Akakupa pole.

Ujumbe wako nimeufikisha, na Masatu ameusikiliza kwa heshima. Kesho nitamkataza tena, kwenye mlima mrefu zaidi.

Mungu akutunze, umbusu Mama.

Binti yako,
Nyangeta