Uvungu wa Kiti cha Baba

Mtaa wa Ibbett 9,
Beaumaris, Melbourne.
Agosti 12, 2003.

Mpendwa mdogo wangu Des,

Natangaza rasmi kwa ukoo mzima wa Tierney, walio hai na waliotangulia, kwamba Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na nusu asubuhi, dada yako alinunua bahasha. Si bahasha hizi za kila siku. Ni ile yenye kadibodi ndani, isiyokunjika. Karani wa posta aliniuliza ndani kuna nini cha thamani hivyo. Nikamwambia, uvungu wa kiti.

Lakini adabu kwanza. Hujambo? Goti linaendeleaje na joto la huko Darwin? Wifi yangu Glenys bado anakuficha chumvi? Sisi huku wazima, ukiacha baridi, na kile kikohozi changu kinachofika Juni na kuondoka kikipenda.

Sasa ya bahasha. Nimekuwa mwandishi, na usicheke. Kuna jarida la wapenzi wa nyumba za miaka ya hamsini, zile za paa bapa na vioo vitupu, ambazo baba alizitengenezea samani. Linapokea makala, mashairi na michoro kutoka kwa yeyote. Nimelisoma miaka saba, na kila toleo ni viti vya Haldane, meza za Haldane, kabati za Haldane. Msanifu Haldane, Mungu amrehemu, hakuwahi kushika randa. Yeye alichora, vumbi la mbao liliingia kifuani mwa baba. Sina ugomvi na marehemu. Nilitaka tu jina la Laurie Tierney lichapwe mahali pamoja kabla sijamfuata. Basi nikaandika kurasa sita kuhusu kile kiti chake cha plaiwudi kilichokaa dirishani kwetu.

Mhariri, binti mpole anayeitwa Anneliese, akanijibu kwamba makala imemgusa, ila jina la baba halimo katika kumbukumbu yoyote waliyo nayo. Akaomba ushahidi, uwafikie kabla ya tarehe nane. Hapo nikakumbuka kwamba baba alikuwa na mazoea ya kuandika kwa penseli chini ya kila alichokitengeneza.

Kasoro ni moja: kiti sinacho. Mwaka wa tisini na mbili, baraza la mji lilipotangaza lori la taka kubwa, nilikitoa mimi mwenyewe kwa mikono yangu, nikakiweka kwenye nyasi za kando ya barabara pamoja na friji mbovu. Na sheria ya zile nyasi unaijua: anayebeba ndiye mwenyewe. Aliyebeba ni jirani yangu wa nyumba ya pili, Royston Peake, daktari wa meno mstaafu. Huwaonyesha wageni kwamba ni Haldane halisi, na amekikatia bima.

Nikaoka mkate wa ndizi, nikaenda.

"Bi Noreen, unataka kukipindua kiti changu?"

"Dakika moja tu, jirani. Nikitazame chini."

"Na ukikuta jina la baba yako, mimi nibaki na nini? Kiti cha seremala?"

"Utabaki na kiti, Royston. Kwani sasa una nini?"

"Nina Haldane."

Mkewe Yvette alikuwa akikata ule mkate. "Mwache mwenzio atazame. Kiti chenyewe hukikalii. Hata paka umemkataza."

"Hiki ni cha kutazamwa."

"Basi na kitazamwe chini."

Tukakigeuza miguu juu. Penseli ilikuwepo, Des. Ule mwandiko wa baba ulioinama kama mtu anayetembea kinyume cha upepo. Mimi nikajifanya natafuta miwani, kwa hiyo aliyesoma ni Yvette, tena kwa sauti: "Mguu wa nyuma umepinda. Kisiende kwa Haldane. Kiende nyumbani. L. Tierney, 1957."

"Hakijapinda," alisema Royston. Akakisimamisha, akakikalia, mara ya kwanza tangu akiokote. Kikayumba.

"Miaka kumi na moja nikikifuta vumbi kinacheza," alisema Yvette, "na miaka kumi na moja unamtukana fundi wa sakafu."

Nilirudi nyumbani nikihesabu vitu vyetu vya utotoni: meza iliyohitaji kijigazeti chini ya mguu, kabati ambalo mlango wake ulijifungua wenyewe, na kitanda chako. Tulikuwa tunalalia makosa yake, mdogo wangu. Mazuri yalikwenda kwa watu, naye hakutuambia hata siku moja.

Royston alikubali picha ipigwe, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe wala soksi zake zisionekane. Nikaongeza kurasa mbili, nikaeleza habari ya mguu bila kuficha, nikatia vyote katika ile bahasha. Tangu hapo nachungulia sanduku la barua mara tatu kwa siku, mtu mzima na mvi zangu, na posta hupita mara moja.

Nisalimie sana Glenys. Msalimie Damien na mkewe na wale mapacha, ambao kwenye picha bado siwatofautishi. Shangazi Kath mfikishie salamu kwa kupaza sauti, maana masikio alishayastaafisha. Mungu awapoze ninyi na hilo joto, na sisi huku atupashe kidogo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Noreen

Alhamisi. Barua sijaifunga. Anneliese amepiga simu sasa hivi. Makala ni ndefu, nafasi hawana, wameiondoa yote. Watachapa picha tu, na maelezo yake amenisomea: "Kiti cha plaiwudi, 1957. Fundi: Laurie Tierney. Kina kasoro."