Ngamia wa Abshiro

Jumatatu, 8 Juni

Wazee wa ukoo wetu wamemteua Guleid kugombea ubunge. Yeye tu. Walikaa hotelini hapa Garissa, wakasoma Fatiha, na redio yetu ikarusha yote moja kwa moja. Fatiha ikishasomwa, maneno yamekwisha. Abshiro, wa ukoo huuhuu, naye anautaka ubunge, lakini hakuitwa. Hakuna mwanamke aliyeitwa. Mimi nilikuwepo kwa sababu ya kushika maikrofoni.

Jumanne, 9 Juni

Bishar, meneja wetu, kasema Abshiro asisikike kwenye kipindi changu cha asubuhi. Atakayempa nafasi anavunja ukoo, na atafute kazi kwingine. Nikasema sawa. Nilidhani nitakasirika. Wapi! Nikanywa chai.

Alhamisi, 11 Juni

Simu tele. Wote wanamsifu Guleid, maneno yaleyale, utadhani wamekaririshwa. Kisha akapiga Rukiyo, mfugaji wa Kotile: "Huyo tumesikia. Sasa Abshiro tutasikia lini? Sisi nachagua mtu bila kusikia wengine?"

Nikamkata. Nikasingizia mtandao.

Mama husikiliza kila siku. Leo nimemkuta ameizima redio. Najua ni aibu, lakini ndani hakuna kitu — ganzi tu.

Ijumaa, 12 Juni

Naandika humu studio. Abshiro yuko hewani.

Alikuja asubuhi, ubunge hata hakuutaja. "Abaayo, dada yangu, ngamia yangu imebotea." Redio yetu hutangaza bure mnyama aliyepotea, awe wa nani, na mwenyewe ndiye husema alama zake. Bishar hakuweza kukataa — wasikilizaji wangemla mzima! Abshiro akaingia studio.

Akasema: jike, chapa shingoni, sikio la kushoto limekatwa. Tena akasema kwa nini alipotea. Kisima cha kwao kimekauka, ngamia wanatangatanga kutafuta maji, na siku ya Fatiha hakuna aliyekiulizia.

Bishar akagonga kioo. Kata! Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Mshahara huu ndio tunaokula, mimi na mama. Abshiro akanitazama. Hakuniomba chochote.

Nikamuuliza: na wenye ngamia wengine huko, maji wanapata wapi?

Sijui swali lilitoka wapi. Sasa anajibu, anataja majina ya watu, wanaomtaka Guleid na wasiomtaka. Taa za simu zote zinawaka. Bishar anasukuma mlango. Umefungwa kwa ndani. Sikumbuki kuufunga, lakini ufunguo ninao mimi.