Tao la Babu

Irente, Lushoto
2 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Fanueli,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, basi naipokea kabla hujaitoa. U mzima huko Roma? Joto limeshaanza? Huku ni baridi na ukungu, nguo hazikauki. Sote tu wazima, isipokuwa macho ya Baba; siku hizi anatambua watu kwa sauti tu.

Nakuandikia habari ya tao la mlango wa kanisa, lile la mawe alilojenga Babu. Kesho linabomolewa. Ukisoma barua hii litakuwa kifusi, na mkosaji ni mimi.

Unakumbuka kila mwaka kabla ya Majilio akina mama tulikuwa tunalipaka chokaa. Mwaka jana, nikiwa mwenyekiti wao, nikasema tumechoka na kazi isiyoisha. Tulipige plasta ya saruji mara moja, yaishe. Tukabeba maji kichwani tukiimba.

Ulipoona picha ukaniandikia kwamba Warumi walijenga matao ya mawe yanayobanana yenyewe, na mengine yamesimama miaka elfu mbili. Kwamba hata wamisheni waliomfundisha Babu, ujuzi wao chimbuko lake ni huko. Ukanisihi tuibandue plasta, ukuta upumue. Nilicheka. Nikasema, huyu nimembeba mgongoni, leo anifundishe kanisa letu! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo.

Mvua za masika zikaja, maji yakanasa ndani. Plasta ilipodondoka ilitoka na chokaa ya Babu iliyoshika mawe, na lile jiwe la katikati limeshuka. Mzee wa kanisa Stephano amesema ni hatari kwa watoto, itawekwa linta ya zege, boriti iliyonyooka juu ya mlango. Ningebisha kwa mdomo gani? Nimepangiwa kuwapikia mafundi makande, nami nitapika. Roho inaniuma, Fanueli, na sina la kufanya.

Leo tumemwingiza Baba ibadani kwa mlango wa pembeni. Akauliza sababu, nikamdanganya kwamba mlango mkubwa unapakwa rangi.

Shangazi Klara na wanawe wanakusalimu sana. Baba naye anakusalimu. Ameagiza nikuandikie kwamba tao la baba yake bado limesimama, uwaambie hao Warumi wako. Nimekuandikia kama alivyoagiza.

Mungu akutunze huko ugenini.

Dada yako akupendaye,
Esteria