Saa Kumi na Tano Katika Kiti cha Kati

Amioun, Lebanon
11 Machi 2019

Mpendwa kaka Wadih,

Hamjambo huko São Paulo? Wifi Rosângela anaendeleaje na kifua chake, na Tarek amesharudi shule? Sisi tunashukuru Mungu. Mume wangu Munir yuko kwenye mizeituni tangu asubuhi. Mimi nimechoka tu, uchovu ambao usingizi hauuondoi, ingawa tumerudi wiki tatu sasa.

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu Mama huja kukaa pembeni yangu. Uliniuliza safari ya kurudi ilikuwaje, nikasema njema. Haikuwa njema.

Kuja kwenu tulibahatika. Ile ndege ya ghorofa mbili ilikuwa tulivu, kiti kipana, na Mama aliweza kuinuka kila mara akanyoosha miguu huku akipiga soga na abiria wa kwetu, watu wa mji wa Zahle. Ndiyo maana ulimpokea akicheka. Kurudi, hadi Dubai, tulipangiwa ndege ya aina nyingine, viti kumi kwa mstari, magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Mimi na Mama tulikaa kati. Kando ya njia alikaa fundi marumaru mmoja, Bwana Fares, mtu mnene na mpole, aliyelala kabla hata chakula hakijaletwa.

Wahudumu walipita na maji mara nyingi. Kila mara Mama alitikisa kichwa. Nilidhani hana kiu, na hilo sijisamehe. Saa ya kumi hivi ya safari niliona midomo yake imekauka, nikamuuliza kwa nini hanywi.

"Nikinywa nitataka choo," akaninong'oneza. "Nitamwamsha mtoto wa watu mara ngapi?"

"Mama, angalia miguu yako. Viatu havikuingii tena."

"Basi nitashuka na soksi. Nani ananijua Dubai?"

Mwishowe ilimbidi asimame. Mguu wa kushoto ukamkatalia, akamwangukia Bwana Fares kifuani. Yule baba alishtuka, kisha akaona haya kuliko sisi. Alimwambia Mama angemkanyaga tu apite, kwani yeye hulala hata mashine ya kukatia mawe ikinguruma sikioni. Akamwachia kiti chake, nami nikamwachia changu, anyooshe miguu. Yeye na mimi tulisimama nyuma karibu na vyoo, zaidi ya saa mbili, mpaka tulipoamriwa kufunga mikanda. Mhudumu alimletea Mama maji, na safari hii alikunywa.

Ndege ndogo ya kutoka Dubai hadi Beirut sitaki hata kuikumbuka. Munir alitupokea na kutupeleka hospitali moja kwa moja. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa mguu. Mama alilazwa siku sita. Sasa anatumia dawa na anatembea, polepole, mpaka kwenye bustani. Daktari amesema safari ndefu za ndege basi tena. Mama amenikataza kukwambia, eti utakosa usingizi.

Kaka, miaka sita sasa unamtumia Mama tiketi kwa sababu mgongo wako hauvumilii viti vile. Sijawahi kukulaumu, mgongo wako naujua tangu ulipoanguka paani. Lakini yeye ana miaka sabini na minane, na hajawahi kukwambia viti hivyo vinamfanya nini.

Juzi alikuja jirani yetu Sitt Hind kumjulia hali. Nikamsikia Mama akimweleza kwamba mwakani atakuja tena kwako. Nilimmiminia mgeni kahawa. Alipoondoka, Mama alinitazama, akasema, "Najua siendi, Nuhad. Lakini nikiwaambia watu siendi tena, wataniuliza kwa nini Wadih haji."

 Jibu la swali hilo unalo wewe. Ukiweza kuja, omba kiti cha kando ya njia, inuka kila saa, na unywe maji.

Nisalimie wifi na umbusu Tarek. Munir anakusalimu, na Khalo Jirjis, mjomba wetu, anauliza habari zako kila Jumapili baada ya misa. Bikira Mama akufunike kwa joho lake, akufikishe salama popote utakapokwenda.

Dada yako, anayekupenda hata akiwa amechoka,
Nuhad