Fundi wa Nyuzi

Jumapili, Themi

Na kosa ni langu mwenyewe. Mama aliponiuliza utafiti wangu unahusu nini, nilimjibu kwamba nashughulika na nyuzi. Ndivyo ninavyoziita zile kazi ambazo kompyuta inazifanya kwa pamoja. Yeye akawatangazia wanakwaya wote wa Nkoaranga kwamba binti yake ni fundi cherehani!

Leo baada ya ibada nilimwamkia Mama Anaeli wa kwaya, naye akanikabidhi joho lake.

"Pindo limefumuka, mwanangu. Mama yako anasema unahangaika na nyuzi mpaka usiku."

Nilitaka kukanusha, lakini Mama alikuwa nyuma yake, anatabasamu kwa fahari ambayo sijaiona tangu nimalize shahada ya kwanza. Nikalipokea.

Programu yangu bado imekwama. Nyuzi mbili zinasubiriana, kila mmoja umeshikilia kitu ambacho mwingine unakitaka, na hakuna unaoachia. Naogopa profesa anayenisimamia atanichoka. Naogopa zaidi kwamba nimechagua kazi ambayo mama yangu hawezi kujivunia bila kuielewa vibaya.

Jioni nimelishona lile pindo kwa mkono. Limepinda kidogo. Lakini Jumapili ijayo, kwa mara ya kwanza, Mama ataiona kazi yangu kwa macho yake.