Mkono wa Basant Haujifunzi kwa Simu

Izbat al-Nahhal,
Karibu na Dasuq.
Jumamosi, 7 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Wagdi,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini joto la Kuwait limeanza kupungua na mgongo wako umetulia. Nasikia mkeo Shahira alikuwa na kikohozi; mwambie achemshe majani ya mpera kama Mama anavyofanya, asijaze vidonge tumboni. Sisi huku ni wazima. Mpunga umeanza kukomaa, mbu wametuzidi nguvu, na goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi tu.

Hayo ndiyo ya heri. Sasa nisome mpaka mwisho, maana barua huwezi kuikata katikati. Mara tatu nimekupigia kuhusu mwanao Basant tunayekaa naye hapa, na mara tatu umeniambia, "Dada Insaf, mtandao mbaya, sikusikii." Mtandao huohuo, bwana mkubwa, ndio unaotaka umfundishe binti yako utabibu wa mifugo!

Uliambiwa kwamba nyati wetu wa maziwa, Zubda, amekufa kwa homa. Si kweli. Mama ndiye aliyetaka tukufiche, ili usigombane na ami Bayumi. Mimi nimechoka kuficha.

Zubda alianza uchungu Jumatatu asubuhi. Mpaka saa nne ndama hajaonekana. Daktari Fikriya wa wilaya alikuwa kijiji kingine, kwa hiyo ami Bayumi akamleta mwanawe Muutaz, ambaye masika haya amemaliza kozi ileile ya mtandaoni uliyomchagulia Basant. Alikuja na koti jeupe lenye mikunjo ya pasi, na cheti chake ndani ya plastiki.

Neno lake la kwanza: "Mama mkubwa, usafi kwanza. Vua hiyo nguo."

Unaijua nguo hiyo. Ni jalabia nyeusi ya Mama ya kukamulia, ambayo haijawahi kuguswa na sabuni, kwa sababu nyati wetu hamjui mtu, anaijua harufu. Umesahau Mama alipolazwa hospitali, ukaivaa wewe mwenyewe, kijana wa miaka kumi na minne na masharubu yanachipuka, ukamkamua mama yake Zubda huku majirani wanakuita "bibi harusi"? Aibu ilikuwa wapi siku ile? Maziwa uliyanywa.

Basi Mama akavua. Alitii kwa sababu mwenye koti jeupe amesema. Akarudi na gauni la buluu lenye maua, safi kabisa, na Zubda akamwona mgeni. Alipiga mateke, akavunja hori, akambana Muutaz ukutani mpaka akatoka mbio. Hakuna aliyeweza kumkaribia tena. Muutaz akasimama mlangoni, anapekua masomo kwenye simu.

Basant akamwambia, "Mrudishie bibi jalabia yake, halafu ingiza mkono uone ndama amelalaje."

"Mimi nina cheti, binti. Wewe una nini?"

"Mimi nina bibi anayemjua nyati wake."

Wanaume waliokuja kutazama walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza Zubda. Muutaz alitahayari, akakaza shingo, akasema somo la kumi na moja linafundisha kuwa na subira. Tukawa na subira saa nne nzima! Na mimi, dada yako mwenye ulimi, nilikaa kimya, kwa sababu kijana alikuwa anasoma na mimi naheshimu kila anayesoma. Sitajisamehe.

Daktari Fikriya alifika baada ya adhuhuri. Akamvisha Mama jalabia yake, Zubda akatulia kama mtoto aliyesikia sauti ya mama yake, na mkono wa daktari ukaingia mpaka begani. "Kizazi kimejipinda," akasema. "Kimejipinda tangu asubuhi. Nani alimwangalia?" Wanaume wakamlaza ubavu, wakaweka ubao juu ya tumbo, mtu mmoja akaukanyaga huku wengine wanne wanamgeuza kwa kamba ili kizazi kijikunjue. Walimgeuza mara tatu. Ndama alikuwa ameshakufa, na Zubda akamfuata kabla ya alasiri.

Kabla hawajamgeuza, daktari alimwita mwanao: "Njoo, ingiza mkono, ulijue hili maisha yako yote." Basant akaingiza. Alipoutoa alikuwa mweupe kama unga. "Shangazi," akaniambia, "ni kama shuka linalokamuliwa. Nimetazama video arobaini za majaribio za kozi ile. Hakuna hata moja iliyonionyesha hivi."

Sasa utasema nachukia maendeleo. Acha! Nusu ya ninachokijua nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu. Muutaz anajua majina ya dawa na vipimo kwa uzito wa mnyama kuliko wasaidizi wengi wa wilaya, na hayo kayapata kwenye simu. Si mjinga. Alilia zizini mbele za watu, na juzi amemwomba Daktari Fikriya amruhusu kumfuata kazini bila malipo. Ninaowalaani ni waliomuuzia masomo ya ng'ombe wa nchi nyingine, wakampa cheti bila kumuuliza hata siku moja kama amewahi kumgusa mnyama anayezaa.

Nawe usinitumie tena picha ya makala yangu. Ndiyo, niliandika "Chumba Chako Ndicho Chuo Chako", mwaka ule shule zilipofungwa, na gazeti likaichapa ukurasa wa pili. Niliwaandikia wasichana wa sheria na hesabu. Sikujiuliza hata kidogo kuhusu msichana ambaye kazi yake ipo ndani ya tumbo la nyati. Nilikosea, na nimeshawapelekea masahihisho yenye jina langu. Wewe umelikumbatia kosa langu kwa sababu linakufaa. Unaogopa watu wa Izbat waseme binti wa Wagdi anaingiza mkono mpaka begani mbele ya wanaume. Watasema! Halafu nyati wao watakapokwama, watakuja kugonga mlango wetu.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya bweni la chuo cha mifugo cha mjini. Chuo kimempokea, ila bweni halichukui msichana bila saini ya baba. Mwisho ni Alhamisi tarehe kumi na tisa. Barua hii ameibeba jirani yetu Sayyid, anarudi huku tarehe kumi na tano. Mpe fomu mkononi. Masomo ya simu aendelee nayo jioni akitaka, kwa ajili ya majina ya dawa. Lakini mchana awe zizini, mkono wake ukiwa chini ya mkono wa mtu anayejua. Usiposaini, nitaandika makala nyingine, na safari hii jina lako litakuwa kwenye kichwa cha habari.

Nisalimie Shahira na mwanenu mdogo Ziyad. Ami Bayumi anakusalimu, ingawa kwa haya. Basant anakubusu mkono. Hajui kuwa nimekuandikia kwa ukali.

Mama naye anakusalimu. Unajua alikuwa upande wako, akitaka mjukuu asomee nyumbani karibu naye. Nilipomuuliza nikuandikie nini, aliinuka. Aliichukua jalabia nyeusi, akaifua kwa sabuni mara mbili, maji yakawa kama kahawa, akaianika juani. Jioni nikaikuta imekunjwa ndani ya begi la Basant la kwendea chuo.

Mungu akutunze ugenini, na autie wepesi mkono wako kwenye kalamu.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Insaf